Rudi Hata Bila Jibu

Ipo siku moja ya usichana wangu, mwanangu, naikumbuka hadi baridi yake. Tulikuwa Uyole, mimi na shangazi yangu aliyenilea, tunafunga lumbesa za viazi, yale magunia yaliyojazwa hadi kufura. Kesho yake nilikuwa nasafiri kwenda ng'ambo, kusomea hayohayo unayosomea wewe leo: mambo ya nyota nzito zikishakufa.

Nikamweleza huku nashindilia gunia kwa goti. Moyo wa nyota hiyo hubanwa mno, nikasema, hata protoni na nyutroni zikakosa nafasi. Huenda zikapasuka, na kwaki, chembe ndogo zaidi zilizomo ndani yake, zikachanganyika, isijulikane ipi ilitoka wapi. Tunachotafuta ni kama mambo hubadilika ghafla, kama maji yanavyochemka, au polepole, kama uji unavyoshika.

"Wee, taratibu! Unanipasulia viazi vya chini!" Shangazi alikuwa mkali, lakini sikio alilitega. "Na hizo kwaki zako, ukizitenganisha?"

"Hazikubali, shangazi. Zikiwa karibu zimelegea tu. Ukizivuta mbalimbali ndipo zinang'ang'aniana."

Akashona mdomo wa gunia. "Basi nasi ndivyo tutakavyokuwa ukiniacha," akasema. "Jibu likichelewa, wewe usichelewe kurudi."

Nililia palepale, mbele ya wapakiaji, wala sikujificha.

Nikarudi na shahada, jibu sina. Mahesabu ya mbano ule yaligoma, na wewe unajua yanagoma hadi leo: chanya na hasi zinafutana, unabaki huna cha kushika. Niliona aibu kushuka kwenye basi. Shangazi akauliza, "Ni ghafla au polepole?" Nikasema hatujui. "Haya, kaa umenye viazi." Miaka yote niliyofundisha fizikia hapa Iringa, kila nikienda kwake alinitania kwa swali lilelile. Ah, natamani aniulize tena, hata mara moja!

Na wewe juzi kwenye simu ukaniambia, "Mama, nikimaliza hesabu hizi ndipo nitakuja." Nimekuelewa kuliko unavyodhani. Fanya kazi yako kwa moyo wote, ila usiifanye kufuli ya mlango wa nyumbani. Swali hilo litakungoja, limezoea kungoja. Mimi nimezeeka, mwanangu, na nimekukumbuka mno. Njoo Krismasi hii, hata mikono mitupu. Viazi vipo.

Mungu akulinde njiani, akupe jibu siku apendayo, na akufikishe nikiwa bado na nguvu za kukufungulia mlango.