Blanketi la Babu na Pua Yangu

Shule niliacha darasa la tano, na leo ngano ya Mbulumbulu haipandi lori mpaka niishike kwa mkono wangu. Natafuna punje chache tu, nakwambia kama ilivunwa na umande. Sijisifu, waulize watu wa Karatu. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyesumbuliwa na pua yake mwenyewe.

Kila alfajiri nilipiga chafya mpaka jirani yangu akaacha kuweka alamu. Mimi nikasema ni baridi. Huku kwetu, ukungu wa kreta ukishuka kutoka mlimani, baridi ndiyo inayolaumiwa kwa kila kitu, na dawa yake ni kuongeza blanketi. Nikachukua yale mazito ninayoyaweka ghalani juu ya magunia, nikajifunika. Chafya zikazidi. Nikaongeza lingine.

Basi mtoto wa dada yangu akapata mchumba Mbulumbulu. Mshenga nani? Mimi, kwa sababu kuongea najua. Kati ya vitu vya posa lilikuwepo blanketi la babu wa binti, nililolihifadhi ghalani kwangu, na kwa desturi ya nyumba ile mshenga ndiye anayelikunjua na kumvisha mzee mabegani. Akilikubali, mazungumzo yanaendelea. Akilikataa, mnarudi nalo.

Nikalikunjua. Halijagusa bega, nikampigia mzee chafya usoni. Nikaomba radhi, ikaja nyingine katikati ya radhi.

Babu akasogeza kiti nyuma. "Huyu mgonjwa."

"Ni baridi tu, mzee wangu."

"Baridi ya saa saba mchana? Humu kuna watoto. Rudini nalo. Mkileta mtu mzima, tutaongea."

Njia nzima mpwa wangu alibeba blanketi kwapani. Tulipofika Karatu akasema, "Mjomba, kama itabidi nitafute mshenga mwingine, niambie mapema."

Hilo ndilo lililonipeleka hospitali. Chafya peke yake isingeniweza.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Akaniamkia vizuri, kisha akaanza kunihoji.

"Baba, homa unayo?"

"Sina."

"Makamasi yakoje?"

"Maji matupu."

"Pua na macho vinawasha?"

"Kama nimepakwa pilipili."

Akanimulika puani kwa tochi. "Chafya zinakuzidi ukiwa wapi?"

"Kitandani, na ghalani."

"Ghalani kuna nini?"

"Ngano yangu. Na mablanketi."

Akaweka tochi mezani. "Hii ni aleji, baba. Mafua yangekuwa yameshaisha. Na haiambukizi. Mwili wako ukikutana na vumbi unadhani ni adui, unamwaga kitu kinaitwa histamini. Hiyo ndiyo inakuwasha, inavimbisha pua na kuifanya itiririke maji."

"Kwa hiyo nina mlinzi mkali."

"Una mlinzi anayempiga rungu mgeni aliyekuja kunywa chai."

Akanipa vidonge vya kuizuia hiyo histamini, aina isiyoleta usingizi sana, na dawa ya kupuliza puani kila siku. Hiyo ya kupuliza, akasema, inachukua muda kukolea, nisiiache njiani. Ghalani nivae barakoa. Mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani.

"Baba watoto," mke wangu akasema nilipomweleza nyumbani, "mimi nilisema lini kwamba yale mablanketi yananuka panya?"

Mwanamke akishapata daktari upande wake humwezi.

Haikupita muda nikaanza kuamka kimya. Jirani akachelewa kazini, akaja kunilaumu mimi.

Tukarudi Mbulumbulu. Nikawaeleza kwa kirefu habari za aleji, histamini na mlinzi mwenye rungu. Babu akasikiliza mpaka mwisho.

"Maneno ya hospitali hayo. Kunjua."

Nikakunjua. Pua kimya. Nikamvisha. Mzee akavuta pindo karibu na uso alikague, akapiga chafya. Akapiga tena, kofia ikaanguka. Hapo ndipo nikakumbuka: mablanketi yote yalifuliwa isipokuwa hilo. Siku ile tulipokataliwa nililirusha ghalani juu ya magunia, na tulipolichukua tena hakuna aliyekumbuka kulifua.

Mpwa wangu akafumba macho. Lakini mshenga ni mimi.

"Mzee wangu, homa unayo?"

"Sina."

"Makamasi?"

"Maji tu."

"Macho yanawasha?"

"Yanawasha, bwana."

"Basi wewe ni mgonjwa kama nilivyokuwa mimi siku ile. Tuwatoe watoto?"

Bibi, mke wake, ndiye aliyeanza kucheka. "Kila msimu wa kupura ngano tunamlaza karibu na moto tukidhani ni baridi," akasema. "Na moshi wote ule."

Babu akajifuta macho kwa pindo la blanketi, ila hakulivua.

"Huyu nilimfukuza bure," akasema. "Leteni chai."

Sasa mpwa wangu ana mke, na babu alishaenda kuonana na yule binti wa tochi. Mpwa wangu anawaambia watu ni vidonge vilivyomuozesha. Vidonge vilisaidia, sikatai. Ila vidonge haviongei.