Mgeni wa Kozi 401

Leo nimekaa darasani na watu wanaomaliza chuo, na mimi nina wiki moja tu hapa Kilifi!

Kwenye fomu nilijichagulia kozi 401, nikidhani hizo ni namba tu, kama za nyumba.

Mhadhiri akasema, "Haya, tuone tafiti zenu."
Wenzangu wakafungua kompyuta.
Mimi nikafungua daftari nililolivika gazeti. 🙈

Nikatoka nikijifuta machozi. Nje nikamwamkia mama anayefagia varanda. Akaiangalia fomu yangu.

"Mwanangu, namba ya mwanzo ni mwaka wa masomo. Tafuta zinazoanza na moja."

Na usajili unafungwa leo! Akaacha ufagio, akanipeleka mwenyewe ofisini. Nimebadilisha.

"Umejuaje, mama?"

"Kila mwaka nafagia hapa, na kila mwaka hulia mmoja."

Ahsante, mama. Wa mwaka huu ni mimi.

Na wa mwaka wenu alikuwa nani?