Lita Mbili za Mawese na Gauni la Mwalimu

Nianze na hasara, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza: siku ile ilinigharimu lita mbili za mawese safi, pamba ya mto mzima wa kulalia, kandambili moja ya kushoto (ya kulia ninayo, anayeitaka aje tuongee), na heshima yangu chuoni, ambayo mpaka leo sijaijua bei yake kwa sababu hakuna aliyejitokeza kuinunua. Nimehesabu mara mbili, ni hivyo hivyo. Na aibu yenyewe siwezi kumsingizia mtu, kwa kuwa mimi Siwema ni mtoto wa muuza mawese, nimezaliwa Rusimbi katikati ya madumu, na kilichoniangusha ni mawese.

Chuo chetu kiko karibu na ziwa kiasi kwamba ukikaa mstari wa nyuma darasani unasikia injini za mitumbwi kuliko unavyomsikia mwalimu, ndiyo maana tukaanzisha klabu ya matembezi, watu kumi na tisa, mimi katibu. Jumamosi tunapanda vilima, tunaogelea, tunachungulia visamaki vya rangi rangi kwenye mawe (maji ya Tanganyika ukidondosha sarafu unaiona mpaka inatua chini, na mimi nimewahi kuifuata). Lakini kutoka nje kikundi kizima kunahitaji saini ya mlezi wa wanafunzi, na mlezi wetu ni Mwalimu Domitila, mama wa makamo asiyependa maji, asiyependa jua, na asiyependa kusumbuliwa Jumamosi. Akatuambia wazi: atakuja nasi mara moja tu aone tunachofanya huko, akiridhika atasaini safari ya Gombe ya mwisho wa muhula, asiporidhika basi. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa. Nimezaliwa hapa hapa, nimewauzia mawese watu wanaotoka Gombe, lakini sokwe mimi namjua kwa picha ya kalenda.

Sasa ufukwe tuliouchagua uko mbele kidogo ya Katonga, kwa miguu unapita juu ya mawe, na Mwalimu ana goti. Halafu siku hiyo hiyo saa kumi jioni alikuwa na sherehe ya kumuaga binti ya dada yake, hapo hapo Katonga, nyumba ya tatu kutoka mwaloni wanakoshusha dagaa. "Basi mimi siji," akasema, akarudi kwenye kusahihisha madaftari yake. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Mwalimu, tunakupeleka kwa mtumbwi na kukurudisha kwa mtumbwi. Gauni la sherehe unalibeba, unabadilisha kule kule, unashushwa mlangoni kama bibi harusi mwenyewe."

Akanitazama juu ya miwani. "Saa kumi kamili, Siwema."

"Saa kumi kasorobo, Mwalimu." (Mnaona nilivyo, hata muda naupunguza.)

Ijumaa jioni nikaenda Katonga kutafuta mtumbwi, nimefuatana na Bukuru, mwenzangu wa darasa, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Wenye injini wakatutajia bei ya watalii, nadhani ni kwa sababu Bukuru alikuwa amevaa kofia pana. Tukaishia kwa Mzee Kashindi, mtu aliyevuka kutoka ng'ambo ya ziwa miaka mingi iliyopita na mpaka leo anasema Kiswahili cha kwao. Alikuwa na mtumbwi wa mbao, mdogo, wa makasia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Lakini mie nakuambia kabisa, hii iko naingiza mayi kidogo." Akanionyesha kwenye maungio ya mbao, mahali ambapo ukucha wangu ulipenya wote.

Mtu mwenye akili angesema asante mzee, usiku mwema. Mimi nikasikia punguzo. "Sasa mzee, mtumbwi unaovuja ni nusu mtumbwi, nitautoleaje bei ya mtumbwi mzima?" Mzee Kashindi akacheka mpaka akakohoa, akashusha. Nikamwambia na hapo palipotoboka ni upande nitakaokaa mimi, akashusha tena. Mwishowe akauliza, "Na mie nikuje kupiga kasia?" Nikamuuliza akija inakuwaje, akataja, nikamwambia apumzike, mzee wa watu, Bukuru kasia analijua. Bukuru akanitolea macho, lakini hakuniumbua mbele ya mzee.

Basi uamuzi ulioniponza ni huo, mdogo tu, ningeweza kuuweka mfukoni.

Alfajiri nikaamka na dawa kichwani. Kiangazi asubuhi Kigoma kuna baridi yake, na mawese kwenye ndoo ya mama yalikuwa yameganda kama samli. Nikapasua mto wangu, nikatoa pamba, nikaichanganya na mawese yaliyoganda, nikaenda kuishindilia kwenye maungio kwa mpini wa kisu, nikalainisha kwa kidole gumba mpaka ikapendeza. (Mafundi nao huziba kwa pamba, ila wao wanajua wanachokipaka juu yake, mimi nilijua nilichonacho.)

"Siwema, hii itakaa?" Bukuru akauliza.

"Gusa."

Akagusa. Gumu kama nta. Akanyanyua mikono, akasema yeye ni mpiga kasia tu, mambo ya uhandisi ananiachia mimi. Mawese yaliyobaki, lita mbili, nikayaweka na ndoo ile ile ya mama chini ya kibao cha kukalia, kwa kuwa kuna mama mmoja Katonga alikuwa ameniagiza, nami nikaona tukirudi jioni nampa, safari inajilipa yenyewe.

Tulikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Hakuna hata tone lililoingia. Mwalimu Domitila alikaa katikati ameshika kingo mbili kama mtu aliyeshika mlango wa gari bovu, wenzetu kumi na saba wakapita juu ya mawe na masufuria, tukafika karibu pamoja, tukauvuta mtumbwi mchangani tukauacha juani. Na siku ikawa njema, siwezi kusema uongo. Tulipika samaki, migebuka, tukala na ugali, tumbili wakatushukia wakachukua chapati moja (nilihesabu thelathini na nane, nikarudia, thelathini na saba), na Mwalimu, baada ya kukaa saa nzima kivulini na mkoba wake mapajani, akavua viatu. Akaweka mguu mmoja majini. Kisha wa pili. Akainama akaangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe wanakuwa wa bluu hivi," akasema.

"Na wa njano, Mwalimu. Wako kule kwenye jiwe lile."

Akaenda mpaka kwenye jiwe lile, goti na yote. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake, akaninong'oneza, "Siwema, Gombe naona mtaenda." Nikatamani kumkumbatia, nikajizuia, nikaenda kuhesabu vijiko.

Saa tisa akapotelea nyuma ya mawe kubadilisha, akatoka na gauni jeupe la lesi, jeupe la kuumiza macho, linafika kwenye kifundo cha mguu. Tukapiga makofi wote. Tukamvalisha jaketi la kujiokolea juu ya lesi yake, mimi langu, Bukuru lake, watu watatu majaketi matatu, nikarudia kuhesabu, tukasukuma.

Hatujamaliza hata nusu ya njia, Bukuru akasema kutoka nyuma, "Siwema, mbona miguu yangu imelowa?"

"Ni maji ya kasia."

"Ya kasia yanatoka chini?"

Nikageuka. Pamba yangu ilikuwa inatoka kwenye maungio taratibu, kipande kwa kipande, kama watu wanaotoka kikaoni bila kuaga, na mawese yakitiririka mekundu yakielea juu ya maji yaliyokuwa yanaingia. Saa sita kwenye jua! Mtumbwi ulikaa saa sita kwenye jua la kiangazi, na mimi mtoto wa mama yangu, ninayeamka kila siku naona dumu limeganda asubuhi na mchana limeyeyuka, sikuwaza. Mtu aliyekuja Kigoma jana angewaza.

Cha kuchotea maji kilikuwa kimoja tu, ndoo, na ndoo ilikuwa na lita mbili za mawese.

"Mwaga!" Bukuru akasema.

"Mwaga, Siwema!" Mwalimu akasema, ameshika pindo la gauni juu ya magoti.

Hapa ndipo nawaomba mniwie radhi. Mkono haukwenda. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuona mtu anamwaga mawese, kwetu likidondoka tone mezani linakombwa kwa kidole. Nikamwambia, "Mwalimu, haya ni ya mteja. Nishikie hiyo chupa ya maji tu, nayahamisha dakika moja."

"Maji yananifika kifundoni!"

"Dakika moja, Mwalimu."

Na yeye akaishika. Mpaka leo najiuliza kwa nini aliishika, nadhani ni mshtuko tu. Chupa ina mdomo mdogo kama kishimo cha mchwa, ndoo ina mdomo kama ndoo, mimi nimepiga magoti namimina kwa adabu, robo ya chupa ikajaa vizuri sana, mtaniamini, halafu Bukuru akaona jiwe, akalikwepa kwa nguvu zake zote, na mtumbwi ukainama upande.

Yote yakaenda mapajani mwa Mwalimu, ya uvuguvugu.

Mwalimu Domitila akaangalia chini, akaangalia Katonga, akaangalia chini tena. "Siwema," akasema, basi, jina tu. Nikaanza kuchota maji kwa ndoo iliyokuwa tupu. Ilikuwa ndoo nzuri sana ya kuchotea.

Sasa ndugu zake walikuwa wameambiwa kwa simu kwamba mama mdogo anakuja kwa maji, wakaona ni jambo la fahari, wakashuka mwaloni wote na tarumbeta. Wenzetu kule juu ya mawe walikuwa wanatupigia kelele tupige makasia, wapiga tarumbeta wakadhani ni shangwe, wakaanza. Vigelegele vikapokea. Akina mama waliokuwa wanageuza dagaa wakaacha dagaa. Na mtumbwi wa Mzee Kashindi, kama hatua kumi kutoka nchi kavu, ukaona umefanya vya kutosha, ukatua chini polepole sisi tukiwa tumekaa, maji kifuani, duara kubwa la rangi ya machungwa likitanda kutuzunguka.

Nikasimama haraka nimpe Mwalimu mkono. Mkono wangu ulikuwa na mawese. Wake pia. Tukashikana, tukaachiana, tukakaa tena. Kandambili ikaenda hapo.

"Huyo wameshamuunga, bado kukaangwa tu!" mama mmoja wa dagaa akapaza sauti, na wapiga tarumbeta, niwape haki yao, hawakukosea hata mdundo mmoja.

Mzee Kashindi alikuwa amesimama ukingoni, mikono nyuma. "Mie nilikuambia iko naingiza mayi."

"Ndiyo mzee."

"Nilisema mayi. Mafuta ni yako." Kisha tukamvutia mtumbwi wake nchi kavu, akaupindua, akapapasa ubao, akasema angalau sasa umelainika.

Dada yake Mwalimu akamfunga kitenge juu ya gauni, akampeleka ndani, na nataka iandikwe mahali kwamba alifika mlangoni saa kumi kasorobo. Sisi tukapewa pilau uani tukiwa tumelowa, watu kumi na tisa, sahani kumi na tisa (nilirudia). Ilipofika zamu yake ya kusema, Mwalimu alishika kipaza sauti na kuwasimulia wageni wote habari nzima, na chupa yenye mdomo mdogo, na "haya ni ya mteja," akaninyooshea kidole nikiwa na mnofu mdomoni, na watu wakacheka mpaka bibi mmoja akaomba maji. Yeye mwenyewe alicheka. Nikasema moyoni, Gombe tunaenda.

Tulipoaga akanikabidhi mfuko wa plastiki, mzito, umelowa. "Likirudi jeupe, nasaini. Lisiporudi jeupe, sokwe mtawatazama kwenye kalenda. Nataka kulivaa harusini Jumamosi, kwa hiyo uniletee Ijumaa."

Mama yangu, nilipomfungulia ule mfuko, hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu, "Na yale ya mteja?" Nikamwonyesha robo chupa. Akaingia ndani.

Tangu siku ile nimeapa: kitu kibovu sikipunguzii bei, nakiacha kilipo. Lakini gauni bado ninalo hapa kwenye kamba. Nimelifua kwa sabuni ya mche, nimelifua kwa sabuni ya mawese yenyewe (Bukuru alisema eti yatatambuana), nimelipaka ndimu, nimelianika juani siku tatu. Wekundu umeondoka, umebaki unjano, mrefu, umepinda kidogo katikati, ukiutazama vizuri ni Ziwa Tanganyika lenyewe, na Gombe iko karibu na goti. Nimewaza nilichovye lote kwenye mawese liwe rangi moja, nikamwambia Bukuru, akaniambia akili hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Leo ni Jumatano. Mwenye kujua namna ya kutoa mawese kwenye lesi nyeupe anisaidie, tafadhali, watu kumi na tisa wanasubiri kuona sokwe. Akitaka malipo, sikatai, tutaelewana. Ila nimwambie mapema kwamba bei yake iko juu.