Kinyago cha Nyanya

Nyanya yangu nilimuua kwa mdomo wangu mwenyewe, Jumamosi moja huko Galu, ili kinyago kinunuliwe. Sijapata kulisema hili mbele ya watu. Nimemwambia Mungu tu, na hata Yeye nimemwambia kwa sauti ya chini.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Hoteli moja ilianzisha soko la kazi za mikono uani mwake kila Jumamosi, nasi wachongaji tulitandika mikeka tukapanga vinyago, tukingoja wageni wamalize chai yao. Mimi nilitoka Bongwe, kwa nyanya aliyenilea. Nilikuwa nimemchonga yeye, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, kichwa ameinamisha, shavu limetuna kwa tambuu. Kwa kuwa wageni walipenda vitu vya kale, nilikitundika kinyago juu ya meko majuma matatu mpaka kikawa cheusi. Nyanya aliuliza anafukizwa kwa kosa gani.

"Haya, mume wangu," akanitania, "nikaushe vyema nisije nikaoza."

Jumamosi tatu nilirudi nacho nyumbani. Jirani yangu wa mkeka, aliyechonga twiga upesi kama anayemenya viazi, hakurudi na kitu, maana kila twiga wake alikuwa na hadithi. Jumamosi ya nne mama mmoja wa Kizungu, mwenye Kiswahili cha kuamrisha watumishi, alikigeuzageuza kinyago changu.

"Huyu nani?"

"Nyanya yangu."

Akakirudisha mkekani, akawageukia twiga. Ningependa kusema ulimi uliteleza. Haukuteleza, niliutuma.

"Amefariki juzi, memsabu. Huu ndio ukumbusho wake."

Machozi yakamlenga yule mama. Akanunua bila kupatana bei.

Sikumwona mpishi wa hoteli aliyekuwa nyuma yangu na kikapu cha vitunguu. Alikuwa mtu wa Munje, kijiji alikoolewa mdogo wake nyanya, na kwetu habari ya msiba haihojiwi. Ukiisikia, unaifikisha.

Kesho yake asubuhi nyanya alikuwa uani akichambua kunde, nami ninakunywa chai, tuliposikia vilio njiani. Walikuwa watu wa Munje. Mdogo wake alitangulia, leso kaifunga kiunoni, nyuma yake mchele, kuni na ubani. Walipomwona marehemu ana ungo mapajani, vilio vilikatika. Mdogo wake akaanguka miguuni pake, akawa anampapasa vidole, kimoja kimoja. Kisha wakaulizana nani aliyeleta habari. Wote wakamtazama yule mpishi, aliyekuwa amekuja nao, na mpishi akanitazama mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nyanya hakunigombeza.

"Mchele msirudi nao," aliwaambia. "Upikeni, tuile hitima yangu nami nikiwepo. Si kila mtu hujaliwa hayo."

Watu wakacheka, wakala. Nyanya alipokwisha kunawa akanisogelea.

"Mume wangu, uliniua kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kinyago, nyanya."

Akatikisa kichwa polepole, akazirudia kunde zake. Afadhali angenichapa.

Aliishi miaka mingine minne. Alipofariki kweli, alfajiri, nilimtuma mtu Munje kwa basi la kwanza. Maiti haicheleweshwi, baada ya adhuhuri tulimswalia, tukamzika. Kutoka Munje hakuja hata mmoja. Mjumbe wangu alirudi na jibu la mdogo wake nyanya: "Mwambieni huyo mchongaji, sisi tulishakuja."

Alifika siku ya pili, baada ya watu wengine kumhakikishia. Hakulia. Aliniomba nimpeleke kaburini, nikatangulia, na njia nzima nilisikia kandambili zake tu nyuma yangu. Pale kwenye udongo mbichi alisimama kitambo, mikono ameifumbata ndani ya leso. Nilijua anachowaza, kwa kuwa nami nilikuwa nawaza hicho hicho: kwamba uso wa dada yake hakuuona, na aliyemnyima ni mimi.

"Kile kinyago ulikiuza," akasema.

"Naam, bibi."

"Na kingine cha sura yake hukuchonga?"

Nikamwambia sikuchonga.