Diski Moja Yafa, Sauti za El Alto Zabaki

Kwaru… tik. Kwaru… tik.

Asubuhi ya Jumanne ya Kanivali, mlio huo unamfikia Nilda Huarachi, fundi wa kompyuta, kabla hajafungua mlango wa chumba cha mashine. Anasimama, ufunguo mkononi, sikio mlangoni.

"Nani ameigusa seva yangu?"

"Nimeipamba tu jana," anajibu Mama Benita Apaza, mtangazaji mkongwe wa redio yetu ya mtaa. "Hata mashine ina sikukuu yake, mwanangu."

Kweli imepambwa. Mikanda ya karatasi imeizunguka, chengachenga za rangi zimeziba feni, taa zote za diski zimefunikwa. Nilda anayachana mapambo kwa mikono miwili. Taa nne ni za kijani. Ya tatu, iliyo katikati, ina rangi ya chungwa: diski yake inakufa.

"Na bia ya kuibariki iko wapi?"

"Mlangoni, inangoja."

"Ingoje hapohapo! Tone moja likiingia humu, iliyobaki nakumwagia wewe."

"Nimwagie, huenda nikachipua."

Hacheki Nilda. Seva hii, kompyuta kuu ya redio, imebeba sauti za miaka thelathini: wachimba madini, wauza viazi, na marehemu Gervasio, mume wa Mama Benita. Nakala ya akiba ilikufa mwaka juzi. Diski moja ikifa, nne zilizobaki zinaweza kukumbuka yaliyokuwamo. Zikifa mbili, sauti zote zimezikwa.

Sisi wa El Alto tunaishi mita elfu nne na zaidi juu ya bahari, Bolivia nzima iko miguuni petu, na hatuombi radhi. Lakini diski za kawaida hazikuumbwa kwa majivuno yetu. Ndani ya diski, kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani inayozunguka, kikiegemea hewa kama mto wa kulalia. Hewa ya huku ni nyembamba, kichwa huzama, hukwaruza. Kwa miaka miwili Nilda amezika diski tisa.

Kazi hii alijifunza kwa kufungua mashine mbovu alizonunua gulioni. "Watu waliniambia mwanamke mwenye sketi ya marinda, hii yetu ya kienyeji, huingia chumba cha seva na ufagio," anasema. "Nikaingia na bisibisi. Ufagio waushike wao."

"Izime kwanza!" Mama Benita anasihi.

"Nikiizima, hiki kizee hakiamki. Na wewe uko hewani baada ya wimbo huu. Nenda!"

Anagusa chuma kuondoa umeme mwilini. Anaihesabu droo ya tatu kwa kidole, anaihesabu tena, kwani kung'oa iliyo nzima ni kuua. Anabonyeza kitasa, anaivuta diski kidogo tu, anangoja sahani iache kuzunguka. Mkwaruzo unapungua, unakatika. Ndipo anaitoa yote.

Diski mpya imezibwa kabisa, ina gesi yake ndani, haiombi hewa ya mlimani. Anaisukuma taratibu mpaka inaitika: tak! Taa ya kijani inaanza kupepesa. Ndugu zake wanne wanaanza kuisimulia yote wanayokumbuka.

Wanasimulia mpaka alasiri, tarumbeta za Kanivali zikivuma barabarani. Kisha kupepesa kunakoma. Kijani, imara, tano kwa tano!

Nilda anafungua rekodi moja. Sauti nzito inajaa studio: "Amkeni, watu wa juu! Wa bondeni wangali wanakoroma!"

Mama Benita anashika meza. "Gervasio," anasema, machozi na kicheko pamoja. "Mwongo yuleyule! Alikuwa anakoroma yeye kuliko bonde zima."

Bia sasa inapata kazi yake. Diski iliyokufa inalazwa kizingitini, chengachenga juu yake, na Mama Benita anaimwagia, tone la kwanza likiwa la Pachamama, mama yetu ardhi.

Nilda anataka kubadilisha zote nne za zamani, kisha awafundishe wasichana wa mtaa kazi hii. Anamshika mzee mkono, anapaza sauti kuzishinda tarumbeta:

"Nakuahidi, Mama Benita: Kanivali ijayo utamwaga bia hapahapa mlangoni, na hutakuwa na maiti wa kummwagia!"