Koili kutoka Gari la Kuku

Mwaka ule nilikuwa Somanga, nikiuza korosho za kukaanga pale mabasi yanaposimama. Kabla ya korosho nilikuwa kwenye mashamba ya chumvi, na kabla ya chumvi nilikaa masika nzima kwenye gereji moja ya Lindi, nikimshikia fundi tochi na kumuuliza maswali, mpaka akaniambia nichague moja, kuuliza au kula. Shule niliiacha darasa la sita. Maswali yalinishinda kuyaacha.

Jumapili moja mchana likaja gari dogo jeupe kutoka upande wa Rufiji, limefungwa ribboni za waridi kuanzia boneti hadi vioo vya pembeni, linatetemeka kama mtu mwenye homa. Likakohoa, likaruka kidogo, likazimika mbele ya sinia langu. Wakashuka watatu: dereva, ambaye ndiye mwenye gari, mama mnene aliyevaa gauni la rangi ya dhahabu, na bwana harusi, na joho lake jeusi na kilemba, uso umemsawijika.

"Petroli chafu," dereva akasema.

"Ni macho ya watu," akasema yule mama, ambaye nilikuja kujua ni shangazi wa bwana harusi. "Tangu Ikwiriri unapiga honi tu, pii, pii. Ulidhani wote wanaokuangalia wanakuombea heri?"

"Shangazi, macho hayawashi taa ya injini."

"Na petroli inachagua siku ya harusi?"

Bwana harusi hakumsikiliza hata mmoja. Alikuwa ameshika simu sikioni, anajibu "Ndiyo, baba. Tuko njiani, baba," na kila akisema hivyo anazidi kuloa jasho. Alipokata, dereva akanieleza. Ndoa hii ilikuwa ifungwe masika, lakini maji yalikata barabara na bwana harusi akageuza gari kurudi nyumbani. Baba mdogo wa binti, ambaye ndiye walii wake wa kumwoza, alikuwa na maneno machache: mwanamume anayetaka mke huvuka. Safari hii ndoa ilikuwa inafungwa Kilwa Masoko baada ya swala ya Alasiri. Alasiri ikipita hajafika, ubwabwa utaliwa bila yeye na binti atabaki kwao.

"Nipande bodaboda," bwana harusi akasema.

"Na joho?" shangazi akamkazia macho. "Uingie ukweni unapepea kama mwavuli? Kaa."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaweka sinia chini. Nilikuwa na swali.

"Jana mliosha gari?"

Wote watatu wakamgeukia muuza korosho.

"Tuliosha mpaka injini," dereva akasema kwa fahari. "Mashine ya presha. Si gari la harusi?"

Nilitaka kucheza ngoma. Injini ya gari kama lile ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake, kidude cheusi kirefu kama tochi ndogo, kimechomekwa ndani ya shimo juu ya plagi. Koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa kuwashia petroli. Maji yakitulia ndani ya shimo lile, umeme hupotea njiani, silinda moja inalala na gari linabaki kuchechemea kwa tatu. Nilikuwa nimeyaona hayo gereji mara moja tu, na tangu siku ile nilikuwa natamani kuyaona tena.

"Fungueni boneti."

"Haifunguliwi," shangazi akasema. "Ribboni hii nimeifunga kwa Bismillahi. Itafunguliwa mlangoni kwa bibi harusi."

"Shangazi, hivi ilivyo haitafika mlangoni kwa bibi harusi."

Akanitazama kutoka ndala hadi kofia. Kisha akaifungua mwenyewe, fundo kwa fundo, na ncha zake akazing'ata kwa meno zisiguse chini. Muda wote boneti ilipokuwa wazi hakuweza kusema neno, na dereva akaninong'oneza kwamba hayo ndiyo mapumziko yake ya kwanza tangu asubuhi.

Nikaazima spana namba kumi kwa waendesha bodaboda, nao wakaja na spana yao pamoja na maoni yao. Nikamwambia dereva awashe. Nikachomoa waya wa koili ya kwanza: injini ikazidi kuyumba. Nikaurudisha, nikachomoa wa pili: ikayumba vile vile. Wa tatu nilipochomoa, hakuna kilichobadilika. Mtetemeko ule ule.

"Huyu ndiye hafanyi kazi," nikasema, na waendesha bodaboda wakashangilia kama nimefunga goli.

Nikazima gari, nikaitoa koili ile. Chini yake, kwenye shimo la plagi, maji yalikuwa yananing'aria kama meno. Bwana harusi akatoa leso yake yenye harufu ya udi, nikaikunja kwenye kijiti, nikakausha shimo mpaka leso ikawa nyeusi. Nikaikausha na koili. Lakini ubavuni ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeungua pembeni, na ule ufa sikuupenda. Nikaihamishia silinda ya kwanza, ya kwanza nikaileta ya tatu. Ugonjwa ukihama na koili, mgonjwa ni koili. Ukibaki pale pale, tutafute kwenye plagi.

Tukawasha. Nikachomoa waya wa tatu: injini ikayumba, silinda iko hai. Nikachomoa wa kwanza: hakuna kilichobadilika. Ugonjwa umehama!

"Koili imekufa!" nikapiga kelele kwa furaha, nikaona bwana harusi anataka kulia.

"Mbona unacheka?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekumbuka gari la bibi.

Nyuma ya vibanda vya samaki, bibi mmoja alikuwa na gari la aina ile ile, hata rangi ile ile. Mwanawe aliliacha hapo akaenda kutafuta maisha, na tangu siku hiyo lilikuwa juu ya matofali likifugiwa kuku. Tukaenda mbio, joho limekunjwa mpaka kiunoni.

"Shikamoo, bibi," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnakimbia nini, mmeiba?"

Nikamweleza. Akamzunguka bwana harusi kama anayekagua mbuzi.

"Nyie wa Rufiji! Mnaoa kwa gari lenye kifua!"

"Bibi, koili moja tu," bwana harusi akasema.

"Chukueni. Ila mtamwomba mwenyewe." Akaonyesha kiti cha dereva.

Kuku mwekundu alikuwa analalia mayai pale, manyoya yamemsimama. Na kikono cha kufungulia boneti kilikuwa chini ya usukani, nyuma yake. Nikapeleka mkono, nikadonolewa. Dereva akapeleka wake, akadonolewa, akatukana, akamwomba bibi radhi.

"Mwondoe, bibi," nikasema.

"Ayaache mayai yake yapoe? Kwa sababu yenu?" Akamgeukia bwana harusi. "Anayetaka mke ni nani hapa?"

Bwana harusi akapandisha mkono wa joho, akafumba macho, akazamisha mkono. Kuku akamdonoa, akamdonoa tena, akanyanyuka na kumpiga kwa mbawa mpaka kilemba kikalala upande. Shangazi, ambaye alikuwa ametufuata na ribboni bado mdomoni, akatoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kilio au kicheko. Kisha tukasikia boneti ikisema "tak."

Nikatoa koili ya silinda ya kwanza, kavu, nzima, imejaa vumbi tu. Bibi naye alikuwa ameshaingia ndani, akatoka amejitanda khanga mpya.

"Koili yangu ikienda harusini, na mimi naenda."

Hakuna aliyebisha. Nikaifunga kwenye gari la harusi, dereva akawasha, na injini ikanguruma laini, silinda zote nne pamoja. Nimesikia sauti nyingi nzuri katika kutangatanga kwangu, ile naiweka kati ya za mwanzo. Shangazi akafunga ribboni upya, akapata tena mdomo wake, na jambo la kwanza alilolisema ni, "Na huyu wa korosho apande. Likikohoa tena nitamshika nani?"

Sinia likabaki kwa waendesha bodaboda, na nilijua korosho sitazikuta. Tukaondoka watano, bibi akiimba nyuma, shangazi akiitikia, mimi nimebanwa katikati yao nikisikiliza injini kila kilima. Nangurukuru tukakata kushoto. Tulipoingia Masoko, adhana ya Alasiri ilikuwa inaanza.

Baba mdogo wa binti alikuwa amesimama nje na kanzu yake, saa mkononi. Wanaume walikuwa wameanza kwenda msikitini. Hakumtazama bwana harusi usoni, alimtazama mkono. Ulikuwa na alama za damu kuanzia kiganja hadi kiwiko, na begani, juu ya joho, lilikaa unyoya mwekundu.

"Nini hiki?"

"Nimevuka, baba," akajibu.

"Umevuka nini? Mvua hakuna."

"Kuku."

Yule mzee akautoa unyoya ule kwenye joho, akaugeuza mkononi. Bibi akashuka, akamweleza habari yote kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, na alipofika pale pa mbawa na kilemba, nikaona mabega ya mzee yanatikisika.

"Twende tukaswali," akasema, akamshika bwana harusi mkono ule ule uliodonolewa. "Ukishamaliza, nitakuoza."

Jioni, nimeshiba ubwabwa, bibi aliniuliza ilipo ile koili mbovu. Nikaitoa mfukoni. Akaitia kwenye fundo la khanga.

"Nikirudi utanifungia palepale," akasema. "Yule kuku sitaki aseme nimemfungulia gari lake nikaacha shimo."