Migomba Niliyoifagilia

Niliolewa kijijini Vuhovi nikitoka mjini Butembo, mtoto wa ua wa simenti. Maganda ya ndizi nilijua yanaingia kwenye mfuko, na mfuko unaenda zake. Kwetu bibi-arusi hupimwa kwa ufagio. Asubuhi majirani hupita wakijifanya wana safari, kumbe wanachungulia ua.

Siku moja mama mkwe alikwenda sokoni. Nilifagia ua, nikaona nguvu bado zipo, nikaendelea hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba. Lo, hali niliyoikuta! Majani yaliyooza, vigogo vilivyopasuliwa na kulazwa chini, maganda ya maharagwe, ukungu mweupe, na chini yake minyoo ikijipinda. Nilimhurumia mama wa watu, nikadhani amekosa wa kumsaidia. Nikakusanya vyote nikachoma. Ardhi ikabaki tupu, nami nikajisifu, mjinga mimi.

Mama mkwe alirudi moshi haujaisha. Alitua kikapu, akapiga magoti, akagusa udongo.

“Lakini mwanangu, ile hapana buchafu,” akasema polepole. “Ile njo chakula ya migomba.”

Ndipo akanieleza. Mgomba ukishazaa hukatwa na kulazwa pale pale. Unaoza, minyoo inaushusha udongoni, na machipukizi yanamla mama yao. Hakuna anayeyanunulia mbolea. Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, mikono yangu ikinuka moshi.

Usiku ule mvua ilinyesha. Mlima wetu ni mkali, na udongo uliokosa blanketi uliteremka pamoja na majivu hadi kwa jirani. Kulipokucha, mizizi ilikuwa nje.

Wamama wa kanisa walikuja wenyewe. Migomba ya mama mkwe ilijulikana. Yeye ndiye aliyewafundisha wengi wao kulaza majani. Mmoja alishika kiuno akacheka.

“Aah! Nani alifanya hivi?”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kama wangejua, jina langu lingekuwa wimbo wa kisimani. Nilifungua mdomo, lakini mama mkwe aliniwahi.

“Ni mimi nilimutuma huyu,” akasema. “Nilitaka nione pasafi.”

“Mama, buzee imekuingia!” Wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Kesho yake walirudi na vikapu vya maganda, majani makavu na mavi ya mbuzi. Yule aliyeshika kiuno, ambaye umri wake ulikaribiana na wangu, alimwonyesha mama mkwe namna ya kutandaza, akasisitiza kwa sauti kubwa, kama anayemfundisha mtoto, kwamba majani yasibanwe kwenye shina.

“Umeelewa, mama?”

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa.

“Aksanti, mwanangu. Sasa nimejua.”

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika beseni la maganda, nashindwa kumtazama.